Kusema Watu: Sengenya, Leso na Adabu ya Maneno katika Pwani ya Kusini ya Kenya

Neno gomba lapatikana katika Kidigo na katika Kiswahili, lakini lugha hizi mbili jirani hazilitumii kwa maana moja. Katika Kidigo kugomba ni kusema tu; hata kamusi ya lugha hiyo iliyotolewa mwaka 2004, yenye tafsiri za Kiingereza na Kiswahili, ilipewa jina la Mgombato, yaani mazungumzo. Katika Kiswahili kugomba ni kuteta na kukaripia, na atokaye humo ni mgomvi. Haifai kujenga nadharia kubwa juu ya tofauti hiyo, kwa sababu maneno ya lugha zilizo ndugu huachana maana bila ya sababu inayoweza kutajwa. Hata hivyo watu wa Kwale, ambao wengi wao husema lugha zote mbili tangu utotoni, wanaishi kila siku juu ya mpaka huo: neno lile lile hapa ni mazungumzo, na hatua moja mbele ni ugomvi.

Katika miaka ya karibuni malalamiko juu ya mpaka huo yamezidi, na karibu yote yanahusu simu. Hulalamikiwa kwamba vijana huwajibu wazee katika makundi ya WhatsApp kwa maneno ambayo wasingethubutu kuyatamka barazani. Hulalamikiwa kwamba mtu huingizwa katika kamati ya harusi ya watu asiowajua, na akitoka huandikwa kuwa ni bahili. Siri za nyumba hubandikwa Facebook. Picha ya ajali iliyotokea katika barabara ya Likoni na Lunga Lunga huwafikia jamaa wa maiti kabla ya mjumbe kubisha hodi. Maelezo yanayotolewa huwa ni mamoja: kwamba zamani watu walikuwa na adabu, na kwamba adabu hiyo imeuawa na vyombo vya kigeni.

Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yana kosa, tena kosa lenye madhara. Pwani ya kusini haikupata kuwa na zama ambazo watu wake hawakusemana. Kilichokuwapo ni masharti ya kusemana. Msemaji alionekana, msemwa aliweza kujibu, na kujibu kwake kukasikika na wale wale waliosikia shutuma, na maneno yalikuwa na mwisho, kwani ngoma ilivunjika alfajiri na leso ilichakaa. Kila chombo kilichoingia baadaye kililegeza sharti mojawapo. Simu imeyalegeza yote kwa pamoja, na hapo ndipo ilipo shida, wala si katika ulimi wa vijana.

SENGENYA

Kitenzi sengenya chenyewe kina historia inayofaa kuangaliwa. Edward Steere, aliyekusanya maneno ya Kiunguja katika karne ya 19, alikieleza kuwa ni kufanya ishara za siri za kumdharau mtu ambaye yupo. Kiswahili cha leo kinakifahamu kuwa ni kumsema mtu vibaya hali hayupo. Yaani katika muda wa kiasi cha karne moja na nusu msengenywa ameondoka barazani. Hapo kwanza alikuwa ameketi pamoja na wenzake, pengine ana kikombe cha kahawa mkononi, na jicho likikonyezwa nyuma yake aliweza kugeuka akaliona. Hatari hiyo ya kugeuka ndiyo iliyokuwa lijamu ya wasengenyaji.

Wadigo nao wana ngoma iitwayo sengenya, na jina lake huelezwa kwa kitenzi hicho hicho. Hapa pana jambo linalomtatiza msomaji wa kamusi. Usengenyaji ni mambo ya kificho, na ngoma hii haina kificho hata kidogo: ina ngoma za ukubwa mbalimbali, ina upatu, na ina nzumari ambayo sauti yake husikika mbali. Tatizo hilo huondoka mara tu inapozingatiwa jinsi ngoma za pwani zinavyofanya kazi. Mtunzi hulificha jina na kulifichua tendo. Waliohudhuria wanamjua anayeimbwa, naye mwenyewe anajijua, lakini hakuna aliyemtaja, kwa hiyo hakuna wa kumshtaki. Mwimbaji, kwa upande wake, hana pa kujificha. Amesimama katikati ya uwanja na kila mtu anamjua ni mtoto wa nani. Aliyeimbwa akitaka, siku nyingine atamtafuta mtunzi wake.

Kadhalika uko utani. Miongoni mwa Wadigo na Wamijikenda wengine, babu na mjukuu wana ruhusa ya kuambiana maneno ambayo baba na mwana hawawezi kuyakaribia. Mjukuu humwita bibi yake mke, naye bibi humtukana mjukuu kuwa ni mume asiyeleta kitoweo. Maneno hayo hayaudhi kwa sababu kila aliyepo anajua ni nani anayemwambia nani. Ukiyatoa mahali pake, ukamwandikia mtu asiyejua nasaba hiyo, yanabaki matusi matupu. Jambo hili litarudiwa chini, kwani sehemu kubwa ya ugomvi wa simu ni utani uliosomwa na mtu asiye mtani.

Upande wa pili wa kivuko cha Likoni, Mombasa, mambo haya yalikuwa na vyama vyake. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameeleza jinsi vyama vya lelemama, hasa Banu Saada na Ibinal Watan, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo. Mwanamke aliyekiuka heshima ya mji aliweza kujikuta akiimbwa. Gharama za mashindano hayo zilifilisi nyumba nyingi, na si ajabu kwamba wanazuoni waliyachukia. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokemea israfu na mila zisizo na faida. Inafaa kutambua kwamba yeye pia alikuwa anasema watu, ila kwa kalamu, na kwa jina lake mwenyewe.

Lakini isidhaniwe kuwa masharti haya ya kale yalikuwa ya haki. Haki ya kujibu haikugawiwa sawa. Hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na katika mashamba ya minazi ya pwani walikuwako watu ambao waliweza kusemwa na yeyote bila ya kuweza kumjibu yeyote. Hata baada ya hapo mgeni, mjane asiye na ndugu na mtu asiyejulikana kwao hawakuwa na mtunzi wa kuwajibia. Anayesifu adabu ya zamani hana budi kuuliza kwanza ni adabu ya nani kwa nani.

LESO

Chombo ambacho kilieneza haki hiyo ya kujibu kuliko vingine vyote kilikuwa ni nguo. Leso, ambayo Watanzania huiita kanga, ilipata nguvu katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19, na wanawake waliotoka utumwani walikuwa miongoni mwa waliozivaa kwa fahari, kwa kuwa zilionyesha kwamba wamekuwa watu huru wenye kujisetiri. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa kwa kawaida kuwa liliongeza jina juu ya leso, yaani ule msemo ulioandikwa chini ya mji wake. Majina ya kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu; baadaye zikashika herufi za Kirumi.

Jinsi jina la leso linavyotumika imeelezwa mara nyingi, lakini kwa kawaida huelezwa kama ufundi wa mafumbo tu. Umuhimu wake katika historia ya adabu ni mkubwa zaidi. Mwanamke wa Msambweni mwenye neno na mke mwenziwe, au na wifi, au na jirani aliyemchukulia ndoo akamrudishia imepasuka, hakumwendea kumtukana. Alikwenda dukani. Alisoma majina yaliyopo, akachagua linalofaa, akanunua jozi, akaikata na kuipinda, akangoja siku ambayo yule aliyekusudiwa angekuwapo, kisha akapita. Muda huo wote hasira ilikuwa inapoa. Tena ilikuwa imemgharimu pesa, na watu wengi hupunguza maneno pindi yanapouzwa.

Zaidi ya hayo, maneno hayakuwa yake. Leso ile ile ilikuwa imechapishwa kwa maelfu na ilivaliwa Mombasa, Tanga na Unguja na watu wasiojua lolote juu ya ndoo iliyopasuka. Akiulizwa, aliweza kujibu kwa utulivu kwamba amependa rangi. Naye aliyekusudiwa, akilalamika, alikuwa amejitia hatiani mwenyewe, kwani ni nani aliyemwambia kuwa neno lile ni lake? Hivyo pande zote mbili zilikuwa na njia ya kurudi nyuma bila ya aibu. Njia hiyo ndiyo hasa iliyoitwa adabu. Matusi yaliyo wazi humfungia mlango anayetukanwa na anayetukana pia. Fumbo huuacha wazi. Jibu nalo lilipatikana pale pale dukani, kwa bei ile ile, na mwanamke maskini kuliko wote mtaani, alimradi aweze kupata jozi moja kwa mwaka, alikuwa na sauti.

Ndugu wa leso ni kutuza katika taarabu. Kwa watu wa Vanga na Lunga Lunga, Tanga si nchi ya mbali, na nyimbo za vikundi vya huko kama Black Star na Lucky Star zilipendwa pande zote mbili za mpaka. Kelly Askew, aliyefanya utafiti Tanga na kuuchapisha mwaka 2002, ameonyesha jinsi mtuzaji anavyosema bila ya kufungua kinywa. Huketi akingoja ubeti unaomfaa. Ukifika huinuka, hucheza polepole kuelekea jukwaani na noti mkononi, na njiani humpitia karibu yule anayemkusudia. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, pesa tu ndizo zake. Lakini mwili wake mzima upo pale, na ubeti ufuatao waweza kuinuliwa na yule aliyepitiwa. Mipasho ya miaka ya 1990, katika mashindano ya TOT na Muungano, iliongeza ukali wa maneno, na wazee wengi waliyachukia. Hata hivyo haikuondoa ukumbi.

KARATASI, KASETI NA REDIO

Kaseti iliuondoa ukumbi. Inajulikana vema kwamba katika mashindano ya uchaguzi wa Lamu ya katikati ya miaka ya 1970, yale ya Kimondo ambayo Assibi Amidu aliyachapisha mwaka 1990, mashairi ya kushutumiana yalirekodiwa katika kanda na kusafiri nyumba hadi nyumba. Msikilizaji sasa aliweza kumsikia mtunzi bila ya mtunzi kumwona yeye. Sharti la kwanza lilikuwa limeanza kulegea, ijapokuwa sharti la pili lilibaki imara: washairi wa pande zote mbili walijibizana, na kwa kufuata kanuni za utungaji. Kurasa za mashairi za magazeti kama Taifa Leo zilikuwa na desturi kama hiyo. Mtu aliyetaka kumshambulia mwenziwe ilimbidi kwanza ahesabu mizani, na mhariri alikaa katikati akiwa na mkasi.

Redio nayo ilikuwa na salamu. Vizazi viwili vya wasikilizaji wa Kenya, wa Sauti ya Kenya na baadaye wa KBC, walijaza kadi za salamu kwa majina ya ndugu, marafiki na mashabiki wenzao ambao pengine hawakupata kuonana nao, wakamalizia kwa ujumbe mfupi. Ujumbe huo mara nyingi ulikuwa methali, na methali hiyo mara nyingine ilikuwa mshale. Lakini mtangazaji ndiye aliyeusoma, kwa sauti ile ile aliyosomea salamu za shangazi, na jina la mtumaji lilitangulia. Anayecheka salamu za redio leo, kwa kuwa zilikuwa ndefu na za kuchosha, asisahau kwamba zilikuwa ni mtandao wa watu wasioonana uliodumu kwa miaka mingi bila ya kuhitaji polisi.

Karatasi isiyo na jina ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1997 vikaratasi vilivyowataka watu wa bara waondoke pwani vilisambazwa katika sehemu za Likoni na Kwale. Havikuwa na mwandishi. Haikuwezekana kumjibu mtu yeyote, wala kumwendea mzazi wa mtu yeyote. Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka huo kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa na watu waliokuwa wamekula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo. Katika majuma yaliyofuata zaidi ya watu mia moja waliuawa, na wanaokadiriwa kufikia laki moja wakayahama makazi yao. Hapana shaka kwamba vikaratasi havikuanzisha ghasia zile. Zilikuwa na waandalizi, na sababu zake zilikuwa ni ardhi, kazi na uchaguzi. Lakini vilizifanya zisemeke. Neno mbara, ambalo kwa miaka mingi lilitumika katika utani wa kazini na sokoni, lilitolewa mahali pake likapachikwa katika karatasi ambayo hakuna aliyeweza kuicheka. Wadigo waliosakwa na askari baadaye, pamoja na wageni waliochomewa nyumba, walilipia maneno ambayo wengi wao hawakuyaandika wala hawakuyasoma.

SIMU

Simu za mkononi zilienea Kenya baada ya mwaka 2000, zilipoanza kushindana kampuni mbili, Safaricom na Kencell. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 vikaratasi vilikuwa vimekwisha geuka kuwa ujumbe mfupi wa maandishi, uliopelekwa kwa watu wengi kwa mkupuo mmoja. Sheria ya uwiano na utangamano wa taifa ya mwaka 2008 ilitungwa kutokana na hayo, na mwaka 2010 serikali iliagiza kila laini isajiliwe kwa jina la mwenyewe, jambo ambalo kwa lugha ya makala haya ni jaribio la kulirudisha sharti la kwanza kwa amri. Mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kutoka baharini, bei ya intaneti ikapungua, na katika miaka michache tu simu ya kijana wa Ukunda ikawa na Facebook na WhatsApp.

Sasa yafaa kuyatazama upya yale malalamiko yaliyotajwa mwanzoni. La msiba ndilo zito kuliko yote. Katika miji na vijiji vya Waislamu wa pwani ya kusini maiti huzikwa upesi, aghalabu siku ile ile, kwa hiyo habari ya kifo haiwezi kungoja. Lakini ina ngazi zake. Huanza kwa walio karibu na marehemu, tena kwa kinywa cha mtu anayefaa, ambaye huomba maji kwanza, huketi, na huanza mbali. Kisha ndipo hutangazwa msikitini. Ngazi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya urembo. Zilihakikisha kwamba mama hatapata habari ya mwanawe akiwa peke yake. Anayepiga picha ya gari lililopinduka na kuipeleka katika makundi sita hana nia mbaya. Mara nyingi anadhani anasaidia. Lakini amezivunja ngazi zote kwa kidole kimoja, na aliye juu kabisa ya ngazi, yule mama, anaweza kuwa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kuona.

La pili ni utani. Kundi la ukoo lina watu mia mbili, nao ni babu, wajukuu, wakwe, watani na watu wa heshima, wote wamewekwa katika chumba kimoja kisicho na kuta. Nyumba ya kawaida ya pwani haiwaweki hivyo. Baraza ni ya wanaume, ua ni wa wanawake, na mkwe ana mahali pake. Kijana anapomwandikia babu yake neno la utani, mama mkwe analisoma. Watu hudhani hapa pana upungufu wa adabu ya kijana, ilhali kilichopungua ni ukuta.

La tatu, la picha, lina historia ndefu kuliko simu. Wapiga picha wa zama za ukoloni waliuza kadi za posta zenye sura za wanawake wa pwani ambao hawakuulizwa, na watalii walioanza kujaa katika hoteli za Diani katika miaka ya 1960 na 1970 walipeleka kwao Ulaya sura za watoto na wavuvi wasiojua kwamba wametundikwa ukutani Hamburg au Zurich. Katika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulio karibu na Diani, ambao umefunguliwa kwa wageni tangu mwaka 2001 na kuingizwa pamoja na kaya nyingine katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, mgeni hufungwa nguo nyeusi kiunoni na kuelezwa ya kufanya na ya kuacha kabla ya kuingia. Kaya ina mlango, na mlangoni yuko mtu. Ufukwe haukupata mtu wa namna hiyo, wala simu haijapata.

Wengi husema dawa ni sheria. Sheria imekwisha jaribiwa. Kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya Kenya kilimfanya mkosaji mtu yeyote aliyetumia chombo cha mawasiliano kupeleka ujumbe wa kuchukiza sana, au ujumbe wa uongo kwa nia ya kuudhi na kusumbua. Kuudhi, basi, kulikuwa kosa la jinai. Walioshtakiwa kwa kifungu hicho hawakuwa wasengenyaji wa mitaani tu; walikuwamo walioandika juu ya wakubwa. Mwezi Aprili 2016, katika kesi iliyoletwa na Geoffrey Andare, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa ni kinyume cha katiba, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mipaka inayoeleweka. Mwezi Februari 2017 mahakama iliondoa pia jinai ya kukashifu iliyokuwa katika kanuni ya adhabu. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 ilirudi na vifungu vya unyanyasaji wa mitandaoni na habari za uongo. Kadhaa vilisimamishwa na mahakama mwezi Mei mwaka huo, vikaruhusiwa tena mwezi Februari 2020.

Mvutano huo unafundisha jambo ambalo historia ya leso ingeweza kulitabiri. Neno kuudhi halina maana mpaka ijulikane nani ameudhiwa. Kijana wa Lunga Lunga anayeuliza hadharani pesa za kisima zimekwenda wapi anaudhi, na mwenye madaraka aliyeudhika humwita mtovu wa adabu. Huenda kijana huyo asingepewa nafasi ya kusema barazani, kwa umri wake au kwa nasaba yake, kama vile mtumwa wa kabla ya mwaka 1907 asivyopewa. Kwake yeye simu imefanya kazi ile ile ambayo leso iliwafanyia wanawake waliotoka utumwani. Dai la kuirudisha adabu ya zamani, likitolewa bila ya uchambuzi, lamrudisha yeye alikotoka, na humwacha salama yule anayesambaza picha za msiba, kwa kuwa huyo hamwudhi mkubwa yeyote.

Wakati huo huo watumiaji wenyewe wameanza kutafuta masharti mapya. Makundi mengi huwa na msimamizi anayekataza siasa katika kundi la madrasa na kuzuia picha za maiti. Wengine hufunga kundi usiku. Lakini lililo karibu zaidi na mila ni lile ambalo wanaume wazima huliona la kitoto. Mwezi Februari 2017 WhatsApp ilianzisha hali yake mpya, ambayo wasemaji huiita stetasi: picha au maneno yasiyopelekwa kwa mtu yeyote kwa jina, ambayo hufutika baada ya saa 24, na ambayo mwenyewe anaweza kuona orodha ya waliolitazama neno lake. Wanawake wa pwani hawakuhitaji kufundishwa matumizi yake. Methali huwekwa asubuhi, haina anwani, na akiulizwa mwekaji husema ameipenda tu. Jioni hufungua orodha akatazama kama jina fulani limo. Likiwamo, hungoja, na kesho yake, katika stetasi ya yule mwingine, methali nyingine huwa imewekwa, ambayo pia haikuandikiwa mtu.